Mfumo wa mafuta wa gari la zamani

Mfumo wa mafuta wa gari la zamani ni jumla ya vifaa vinavyohifadhi petroli, kuichuja, kuisukuma na kuichanganya na hewa kabla haijaingia katika silinda za injini. Jina "gari la zamani" hapa lina maana ya gari linalotumia kabureta, yaani lililoundwa kabla ya kuenea kwa mifumo ya kupuliza mafuta inayoongozwa na kompyuta. Sehemu kuu za mfumo ni tangi, mabomba, mipira, chujio, pampu na kabureta.

Mfumo huu hauna vihisio vya umeme na shinikizo lake ni dogo. Kwa sababu hiyo hitilafu zake nyingi zinaweza kugunduliwa kwa macho, masikio na mikono, na kurekebishwa kwa gharama ndogo na mwenye gari mwenyewe au fundi wa kijijini. Hitilafu nyingi zina asili tatu tu: uchafu, hewa inayoingia mahali pasipostahili, na mpira uliochakaa. Lakini petroli huwaka upesi sana, na baadhi ya njia za mkato zinazotumika barabarani zinaweza kuua.

Makala hii inahusu magari ya petroli katika Afrika ya Mashariki, pamoja na mfano wa barabara ya Mlali katika mkoa wa Morogoro, Tanzania. Injini za dizeli zina mfumo tofauti na hazielezwi hapa.

## Magari ya zamani Afrika ya Mashariki

Gari la zamani linalojulikana zaidi katika maeneo ya vijijini ya Tanzania ni Land Rover. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toleo la Series IIA lilitoka mwaka 1961, na Series III lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Magari hayo yalitumiwa na serikali, misheni, mashamba na hifadhi za wanyama. Namba 109 katika jina la gari refu ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, sawa na mita 2.77. Injini yake ya petroli inayopatikana zaidi ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286.

Magari mengine ya aina hiyo ni Peugeot 404 na 504, Volkswagen "kobe" na Datsun. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari Rally miaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na jambo hilo liliifanya ipendwe kwa usafiri wa abiria na mizigo. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani yana mbio zake, East African Safari Classic Rally. Mwezi Oktoba 2024 mji wa Arusha ulikuwa na tamasha kubwa la Land Rover.

Magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani tangu miaka ya 1990 yamechukua nafasi kubwa. Mengi kati yake hayana kabureta. Matokeo yake ni kwamba mafundi vijana wengi hawakufundishwa kufungua kabureta, na maarifa hayo yamebaki kwa mafundi wazee na kwa wenye magari wenyewe.

### Barabara ya Mlali

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero katika Mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi. Barabara inayotoka Sangasanga, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Iringa, hupita Mlali na kupanda kuelekea Mgeta, eneo linalojulikana kwa kilimo cha mboga na matunda.

Njia kama hii huonyesha udhaifu wote wa mfumo wa mafuta. Tambarare ni ya joto na vumbi. Mlima hulazimisha injini kufanya kazi kwa gia ndogo na mwendo wa polepole, hivyo upepo wa kuipoza ni mdogo. Mitikisiko huamsha kutu iliyotulia chini ya tangi, na gari likiwa limeelekea juu mafuta katika tangi na kabureta huegemea upande mmoja. Gari linalokwenda vizuri mjini laweza kuzimika kwenye kona za mlimani, mbali na duka la vipuri.

## Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Petroli hutoka katika tangi. Kwenye Land Rover nyingi tangi liko chini ya kiti cha mbele, na kwenye 109 ya abiria liko nyuma. Kadiri mafuta yanavyopungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake kupitia tundu dogo la kupumulia lililo katika kifuniko au pembeni mwa tangi.

Pampu ya magari mengi ya zamani haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini na husukumwa na kemshafti. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, ambacho mafundi hukiita dayaframu, na vali mbili ndogo. Kiwambo kikishuka huvuta petroli kutoka tangini. Kikipanda huisukuma kwenda kwenye kabureta. Shinikizo lake ni dogo, mara nyingi chini ya nusu ya shinikizo la kawaida la hewa. Mfumo wa kupuliza mafuta huhitaji shinikizo mara nyingi zaidi ya hilo.

Chujio huzuia takataka. Pampu nyingi za zamani zina kikombe cha kioo chini au juu yake, na uchafu na maji hutua ndani mahali panapoonekana.

Kabureta huchanganya petroli na hewa. Petroli huingia kwanza katika bakuli lenye kielea, yaani floti. Bakuli likijaa, floti hupanda na kusukuma sindano inayofunga mlango wa mafuta. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, kasi yake huongezeka na shinikizo lake hushuka, hivyo petroli hufyonzwa kupitia matundu madogo yaitwayo jeti. Uwiano unaofaa kwa petroli kuungua yote ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mafuta yakizidi, moshi huwa mweusi na plagi hushika masizi. Hewa ikizidi, injini hukohoa, hukosa nguvu na huchemka.

## Kutafuta chanzo cha hitilafu

Kanuni ya kwanza ni kutofungua kabureta kabla ya kufuata njia ya mafuta tangu mwanzo. Kabureta ndiyo sehemu inayolaumiwa zaidi, lakini mara nyingi tatizo liko nyuma yake. Utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Kuhakikisha kwamba tangi lina mafuta. Geji za magari ya zamani hudanganya. Kijiti kikavu na safi kilichoingizwa tangini hutoa jibu la hakika.
2. Kulegeza kifuniko cha tangi. Sauti ya hewa inayoingia kwa nguvu, au injini kupata nafuu mara moja, huonyesha kwamba tundu la kupumulia limeziba.
3. Kuangalia kikombe cha kioo. Mapovu yasiyoisha yana maana kwamba hewa inaingia upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu. Matone ya maji hukaa chini ya petroli na huonekana kama lulu.
4. Kuchomoa mpira kwenye kabureta injini ikiwa baridi, kuuelekeza ndani ya chombo, na kusukuma kijiti cha mkono kilicho kwenye pampu. Petroli itoke kwa mikupuo yenye nguvu. Ikitoka, tatizo liko kwenye kabureta au kwenye umeme wa plagi. Isipotoka, tatizo liko kwenye pampu au nyuma yake.
5. Kuangalia plagi. Plagi iliyolowa petroli ina maana mafuta yanafika. Kama injini bado haiwaki, umeme uchunguzwe kwanza.

Kijiti cha pampu kisipokuwa na uzito wowote mkononi, huenda kemshafti imesimama mahali inapoisukuma pampu. Kuzungusha injini mzunguko mmoja hutatua hilo, na pampu isihukumiwe kuwa mbovu kabla ya kufanya hivyo. Ikilazimu kupima pampu kwa kupiga stata, waya mdogo wa koili huchomolewa kwanza ili kusiwe na cheche karibu na petroli.

| Dalili | Chanzo kinachowezekana | Rekebisho la gharama ndogo |
|---|---|---|
| Injini huzimika baada ya kilomita chache, kisha huwaka tena | Tundu la tangi limeziba. Kutu katika mdomo wa bomba | Kuzibua tundu. Kupuliza bomba kurudi tangini |
| Nguvu hupotea mlimani tu | Chujio limeziba, pampu dhaifu, mvuke katika bomba | Kusafisha chujio, kukaza pampu, kupoza na kukinga bomba |
| Injini haishiki sailensa | Jeti ndogo imeziba. Hewa inavuja chini ya kabureta | Kupuliza jeti. Kubadilisha gasketi |
| Petroli humwagika kutoka kwenye kabureta | Sindano chafu. Floti imetoboka | Kusafisha sindano. Kulehemu au kubadilisha floti |
| Oili ya injini inanuka petroli na kiwango chake kimepanda | Kiwambo cha pampu kimepasuka | Kubadilisha kiwambo na oili; gari lisiendeshwe |
| Moshi mweusi na matumizi makubwa | Choki haifunguki, chujio la hewa limeziba, floti iko juu mno | Kulainisha waya wa choki, kuosha chujio, kupima floti |

## Marekebisho ya gharama ndogo

### Tangi

Tundu la kupumulia huzibuliwa kwa waya mwembamba na kupulizwa. Hili ndilo rekebisho rahisi kuliko yote, na halina gharama.

Tangi lenye kutu hutolewa garini na kumwagwa mafuta yote. Huoshwa kwa maji na sabuni ya unga, kisha hujazwa siki au maji yenye asidi ya limau na kuachwa kwa siku moja au mbili. Vipande vya mnyororo au kokoto zenye ncha zikitikiswa ndani hukwangua kutu iliyoshika. Lazima zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Baadaye tangi husuuzwa kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, husuuzwa tena kwa maji safi, na kukaushwa juani upesi kabla kutu mpya haijaanza.

Ufa mdogo unaovuja safarini huweza kuzibwa kwa muda kwa kusugua sabuni ya mche kavu juu yake. Petroli haiyeyushi sabuni, na ndiyo sababu njia hii ya zamani hufanya kazi. Maji huiyeyusha, hivyo haidumu wakati wa mvua. Nyumbani, ufa huo huzibwa kwa gundi ya epoksi inayostahimili petroli, baada ya tangi kumwagwa na eneo kukwanguliwa kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe.

### Mabomba na mipira

Mpira wa zamani hukauka kwa nje na kulainika kwa ndani. Ukipindwa huonyesha nyufa ndogo. Nyufa mara nyingi huanzia kwenye ncha, mahali penye klipu. Mpira ukiwa mrefu wa kutosha, kukata sentimita moja ya ncha na kuufunga upya hutosha kwa muda. Lakini mpira wenye nyufa katikati hubadilishwa wote. Mpira wa mafuta huuzwa kwa kipimo cha urefu na ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa katika gari. Mpira unaofaa huandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta, mara nyingi kwa alama ya SAE J30.

Ni vema kukumbuka kwamba mpira ulio kati ya tangi na pampu unaweza kuwa na ufa bila kudondosha hata tone. Pampu huvuta, hivyo ufa huingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Mapovu katika kikombe cha kioo ndiyo shahidi wake.

Bomba la chuma lililoziba hupulizwa kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa injini kurudi tangini, kifuniko cha tangi kikiwa wazi na chujio likiwa limetolewa. Mahali bomba linaposuguana na chasi huwekewa kipande cha mpira na kufungwa, kwa maana mtetemo wa barabara mbovu hutoboa bomba polepole.

### Chujio na kikombe cha kioo

Kikombe hufunguliwa, hufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na wavu wake huoshwa kwa petroli safi kidogo. Gasketi ya koki iliyo juu ya kikombe ikikauka huingiza hewa. Gasketi mpya inaweza kukatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya gasketi, kwa kutumia kikombe chenyewe kama kipimo. Skrubu ya kikombe hukazwa kwa vidole tu. Kioo kikipasuka ni vigumu kukipata.

Chujio la plastiki lililo wazi huongezwa na wengi kabla ya kabureta. Huonyesha hali ya mafuta na huzuia kutu isifike kwenye jeti. Hubadilishwa likiwa jekundu au jeusi.

### Pampu

Skrubu zinazounganisha sehemu mbili za pampu hulegea kwa mtetemo. Kuzikaza kwa zamu, kila moja na ya upande wa pili, mara nyingi hurudisha nguvu ya pampu. Vali zilizokwama kwa uchafu huoshwa na kupulizwa.

Petroli inayodondoka kutoka kwenye tundu dogo chini ya mwili wa pampu ni dalili ya kiwambo kilichopasuka. Kiwambo na gasketi zake huuzwa pamoja kwa bei ndogo kuliko pampu mpya, na kazi yake huhitaji spana, bisibisi na alama iliyochorwa kwa msumari ili sehemu zirudi zilivyokuwa. Petroli ikiwa imeingia katika oili, oili yote imwagwe kabla injini haijawashwa. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno kulinda beringi, na mvuke wake unaweza kulipuka ndani ya injini.

### Kabureta

Kazi kubwa ya kabureta ni kusafisha. Bakuli hufunguliwa, tope lililo chini hutolewa, na jeti hufunguliwa moja moja, kila moja ikiwekwa mahali pake kwenye kitambaa ili zisibadilishane. Jeti hupulizwa kwa hewa. Hazichokonolewi kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu lake limepimwa kwa sehemu za milimita; mkwaruzo mmoja huongeza matumizi ya mafuta kwa muda wote wa maisha ya jeti hiyo. Uzi wa nailoni au unywele mgumu wa brashi hautadhuru.

Floti hutikiswa karibu na sikio. Ikisikika kuwa na petroli ndani, huzamishwa katika maji ya moto yaliyotolewa jikoni na kupelekwa nje, mbali na moto. Mapovu huonyesha tundu. Floti ya shaba hukaushwa kabisa, kisha hulehemiwa kwa pasi ya umeme ya kulehemu, kamwe si kwa mwali wa moto. Lehemu iwe kidogo sana: uzito ukiongezeka, floti hukaa chini zaidi, sindano huchelewa kufunga, na kiwango cha mafuta hupanda. Floti ya plastiki hubadilishwa.

Land Rover nyingi za Series III zina kabureta aina ya Zenith 36 IV, yenye udhaifu unaojulikana. Mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na ringi ndogo ya mpira iliyo ndani huchakaa. Hapo mafuta na hewa hupita pasipostahili, sailensa hutetemeka na matumizi huongezeka. Rekebisho lake ni kubandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, kusugua uso wa mfuniko juu yake kwa mizunguko mpaka uguse pande zote, kuosha vumbi lote, na kuweka ringi mpya ya mpira unaostahimili petroli. Skrubu zikazwe kwa kiasi.

Hewa inayovuja chini ya kabureta hugunduliwa kwa kunyunyiza maji kidogo yenye sabuni kwenye maungio, injini ikiwa katika sailensa. Mlio wa injini ukibadilika, au maji yakifyonzwa, uvujaji uko hapo. Gasketi hukatwa kutoka kwenye karatasi ya gasketi.

### Chujio la hewa

Land Rover za zamani zina chujio la hewa lenye bakuli la oili. Vumbi hunaswa na oili kabla ya hewa kuingia katika kabureta. Katika barabara za vumbi bakuli hili hujaa tope upesi. Kulimwaga, kuliosha na kutia oili safi mpaka kwenye alama hupunguza moshi mweusi na kurefusha maisha ya silinda.

## Joto na mwinuko

Petroli ikipata joto kali ndani ya bomba au pampu hugeuka mvuke. Pampu iliyoundwa kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke, na injini huzimika ingawa tangi limejaa. Hali hii hutokea zaidi gari linapopanda polepole au linaposimama baada ya kupanda. Shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na kwa hiyo petroli huchemka kwa joto dogo zaidi mlimani kuliko tambarare.

Dawa ya haraka ni kusimama mahali salama, kufungua boneti, na kuweka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba. Maji yasimwagwe juu ya manifoldi ya moshi, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na manifoldi na kuweka kipande cha bati katikati kama ngao. Baadhi ya madereva katika nchi nyingine hubana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba. Msaada wake ni mdogo ukilinganishwa na ngao ya bati.

Mwinuko hubadilisha pia mchanganyiko. Hewa ya juu ni nyepesi, lakini jeti hutoa karibu petroli ileile, hivyo mafuta huzidi. Gari lililorekebishwa vizuri Mlali litakuwa na sailensa nzito kidogo Mgeta. Dereva anayepanda na kushuka kila siku hana haja ya kubadilisha jeti. Kwa kawaida skrubu ya sailensa hurekebishwa kwa mahali gari linapofanya kazi zaidi.

## Ubora wa petroli

Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi katika jeti. Gari linaloegeshwa kwa muda mrefu huachwa likiwa na bakuli la kabureta tupu. Petroli inayohifadhiwa katika madumu huweza kuwa na maji na takataka, na huchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili kabla ya kutiwa tangini.

Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli huharibu injini ya zamani: huleta mlio wa kugonga, masizi na oili iliyochafuka. Nchini Tanzania mamlaka ya EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kuwatambua wanaochakachua.

Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa sokoni katika Afrika Kusini kwa Sahara kuanzia mwaka 2006. Mabadiliko hayo yanagusa vali za injini za zamani, si kabureta wala pampu. Mahali ambapo petroli huchanganywa na ethanoli, mpira wa zamani huchakaa upesi zaidi, na mchanganyiko huo hufyonza unyevu wa hewa.

## Njia za mkato zenye madhara

Baadhi ya marekebisho ya bei ndogo huleta hasara kubwa kuliko hitilafu yenyewe:

- Galoni au chupa iliyoning'inizwa juu ya injini ili petroli ishuke yenyewe baada ya pampu kuharibika. Chupa ikidondoka au mpira ukichomoka, petroli humwagikia manifoldi ya moto. Magari huteketea kwa njia hii.
- Kufyonza petroli kwa mdomo. Kiasi kidogo kikiingia katika mapafu husababisha nimonia kali ya kemikali. Aliyemeza petroli asitapishwe, apelekwe hospitali. Mpira na pampu ndogo ya mkono hufanya kazi ileile bila hatari.
- Mpira wa tyubu ya baiskeli au mpira wa maji badala ya mpira wa mafuta. Wa kwanza huvimba na kulainika. Wa pili hukakamaa na kuchomoka.
- Silikoni ya kuzibia badala ya gasketi. Petroli huilainisha, na vipande vyake huziba jeti.
- Kuondoa chujio ili mafuta yapite kwa wingi. Uchafu huhamia kwenye kabureta, mahali ambapo kuutoa ni kazi kubwa zaidi.
- Kuchomelea tangi lililomwagwa tu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Tangi lililojaa petroli na tangi "tupu" yote ni hatari mbele ya moto.

## Usalama

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika nyuzijoto −40 za selsiasi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya katika mashimo ya gereji, na huweza kufikia jiko la mkaa lililo mbali na gari.

Wakazi wa Morogoro wana kumbukumbu chungu ya nguvu hiyo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walifariki.

Kwa hiyo kazi yoyote katika mfumo wa mafuta hufanyika nje au mahali penye upepo, injini ikiwa baridi na waya wa betri ukiwa umechomolewa. Sigara, jiko na mwanga wa moto huwekwa mbali. Taa iwe ya betri. Kizimamoto cha poda au ndoo ya mchanga mkavu huwa karibu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kusambaza moto. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114. Baada ya kazi, injini huwashwa na maungio yote hukaguliwa kwa dakika kadhaa kabla ya boneti kufungwa.

Petroli chafu haimwagwi ardhini wala mtoni. Mto Mlali ni mmojawapo wa mito inayoingiza maji katika Bwawa la Mindu, linalohudumia mji wa Morogoro, na milima ya Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam.

## Mipaka ya marekebisho ya gharama ndogo

Mafundi hutofautisha rekebisho la kufika nyumbani na rekebisho la kudumu. Sabuni kwenye tangi, kitambaa cha maji kwenye pampu na ncha ya mpira iliyokatwa ni za kundi la kwanza. Kiwambo kipya, mpira mpya, gasketi iliyokatwa vizuri na kabureta iliyosafishwa ni za kundi la pili. Matatizo mengi makubwa huanza pale rekebisho la kundi la kwanza linapoachwa kwa miezi.

Kuna sehemu ambazo hazifai kurekebishwa: tangi lililooza kwa kutu pande zote, kabureta ambayo ekseli ya kipepeo chake imelegea sana, na pampu ambayo mwili wake umepasuka. Vipuri vya magari ya zamani, vipya na vilivyotumika, hupatikana katika maduka ya Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mafunzo rasmi ya ufundi magari hutolewa na vyuo vya VETA, pamoja na kile cha Kihonda mjini Morogoro.

## Tazama pia

- Injini
- Petroli
- Land Rover
- Milima ya Uluguru
- Mlali